Kizuizi cha Gia Sita

Kizuizi cha ndoa yangu kilipatikana Jumapili ya tangazo la pili, saa nne na nusu asubuhi, kikiwa kimeegeshwa chini ya mkaratusi nje ya kanisa. Kilikuwa cha rangi ya buluu, chenye magurudumu mawili na gia sita, na kilikuwa hakijapoa vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekuja nacho misani.

Kwa ambaye hajawahi kutangazwa kanisani, utaratibu ni huu. Majina yenu yanasomwa Jumapili tatu. Kila mara Padre anaomba, kwa sauti ileile anayotangazia mbuzi wa mnada, kwamba mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii afike ofisi ya parokia. Watu wanageuka kuwatazama wachumba, wanatabasamu, halafu unaimbwa wimbo wa kutoka. Hakuna anayefika ofisini. Tangu nibatizwe sijasikia mtu aliyefika.

Mama Coleta alifika. Alifika kabla kwaya haijamaliza ubeti wa pili, amejifunga kitenge chake kizuri, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama anayepeleka vipaji altareni. Na Mama Coleta si jirani wala adui. Ndiye mama mzazi wa Vitus, na Vitus ndiye niliyekuwa natangazwa naye.

Nilipoitwa niliwakuta watatu: Padre Rafaeli nyuma ya meza, Mama Coleta kwenye kiti cha wageni, na Vitus wangu amesimama karibu na dirisha, tai imenyooka, macho sakafuni.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema.

"Milele amina. Kaa, Kalista. Hiyo kofia yako iweke chini, binti yangu, usiiweke juu ya Biblia."

Niliiweka chini. Nikamsalimu Mama Coleta shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akitazama kalenda ukutani.

Padre alivaa miwani, akafungua barua. "Yah, Kizuizi cha Ndoa," alisoma. "Mheshimiwa Padre, mimi mzazi wa kijana nina heshima kubwa kuleta mbele yako yafuatayo. Kwanza, binti huyu hukaa juu ya pikipiki yake kifudifudi, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Pili, huwapita wazee barabarani bila salamu, na akiitwa hasikii kwa sababu amefunika kichwa chote. Tatu, pikipiki yenyewe haina keria. Haibebi hata debe moja la ulezi, wala haina mahali pa kumkalisha mama mkwe. Pikipiki isiyobeba kitu ni ya mtu asiyetaka kubeba kitu."

Padre alitoa leso, akakohoa ndani yake kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida.

"Mama Coleta," alisema hatimaye, "Kanisa lina orodha yake ya vizuizi. Undugu wa damu. Ndoa nyingine. Nadhiri za utawa. Pikipiki haimo."

"Walioandika hiyo orodha walikuwa wanapanda punda, Padre. Wangeijulia wapi?"

"Hata mimi nina pikipiki."

"Yako ina keria."

Nikiwa shule ya bweni nilikuwa bingwa wa kutocheka. Tulikuwa na mashindano kabisa, wakati wa sala ya jioni, matroni akiwa mbele: mmoja anafanya vituko, wengine wanakaza nyuso, anayecheka anafua soksi za wenzake wiki nzima. Katika miaka sita sikuwahi kufua soksi ya mtu. Lakini enzi hizo kicheko kilikuwepo, nilikuwa nakibana kwa meno. Asubuhi ile ofisini sikubana chochote. Mambo ya kuchekesha yalikuwa yanapita mbele yangu moja baada ya jingine, na mimi nilikuwa nayaangalia kama mtu anayeangalia malori ya mahindi.

"Soma mwenyewe," Padre alisema, akanipa barua.

Hapo ndipo nilipoiona. "Yah" ilikuwa imepigiwa mistari miwili kwa rula. Pembeni kulikuwa na mstari wa wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Mama Coleta kusoma anasoma, ila kuandika huishia kwenye jina lake. Na katika mkoa mzima wa Rukwa namjua mwanamume mmoja tu anayechora mstari mwekundu kabla ya kuandika jambo lolote. Alinichorea huo mstari miaka sita. Alipokuwa shule yake na mimi shule yangu, kila barua ya mapenzi aliyonitumia ilikuwa na mstari mwekundu pembeni na tarehe iliyopigiwa rula, na wenzangu bwenini walikuwa wakiiona bahasha wanasema, "Kalista, mkaguzi wako kaandika."

Nilisubiri moyo ufanye kazi yake. Nilijua kinachotakiwa: upasuke, udunde, machozi yanilenge. Hakikuja kitu. Ilikuwa kama bombani kwetu Kizwite maji yanapokatika. Unafungua, linakoroma kidogo, halafu kimya.

"Una la kusema?" Padre aliuliza.

"Mwandiko ni mzuri, Padre."

Vitus alizidi kutazama viatu vyake.

"Uza hiyo pikipiki," alisema Mama Coleta, na safari hii alinigeukia mimi. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Mwanangu, mimi sikuchukii. Baba yake Vitus alikufa kwa pikipiki, tena pikipiki ya pole, ya kubebea magunia. Uza. Jumapili ijayo ni tangazo la tatu. Ukiuza, barua hii nitaichana mwenyewe, na nitacheza ngoma hadi viatu viishe soli."

Padre alivua miwani. "Nyinyi wawili nendeni nje mkazungumze. Saa nane naondoka kwenda kigangoni. Kabla ya hapo nataka jibu, nisome tangazo la tatu au nisisome."

Nje upepo wa Juni ulikuwa unavuma ule wa kwetu, unaoingia mkono mmoja wa sweta na kutokea mkono wa pili. Tulisimama pembeni ya pikipiki, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine.

"Kalista."

"Mwalimu."

"Usiniite hivyo." Vitus anafundisha sekondari, na nikiwa nampenda huwa namwita jina lake. "Mama aliniomba nimwandikie. Ningekataaje? Angeenda kwa mtu mwingine, mji mzima ungejua."

"Kwa hiyo umenisitiri."

"Nilipunguza! Alikuwa na hoja saba. Nimembembeleza zimebaki tatu."

"Hizo nne ulizoziondoa zilisemaje?"

"Acha tu."

"Nashukuru. Ile ya sindano ni ya kwako au ya mama?"

Masikio yake yakawa mekundu, yale masikio niliyowahi kuyaandikia kurasa mbili nikiwa kidato cha nne.

"Ya kwako," nilisema.

"Ilinitoka tu. Mama alisema 'anakaa vibaya', nikaona haijakaa sawa kwenye sentensi." Alinyoosha mkono kunigusa bega, akausimamisha njiani. "Nipige hata kofi, Kalista. Nipige. Umekaa kama umemwagiwa maji."

"Sina hasira, Vitus. Ningekuwa nayo ningekupa."

Na ilikuwa kweli. Wiki tatu hizo nilikuwa hivyo, tangu Mama Coleta alipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, akanywa chai, akaisifu, kisha akasema pikipiki haiingii kwenye ndoa ya mwanawe. Mama yangu naye akaniambia jikoni, "Ni chuma tu, Kalista. Mume utapata wapi mwingine mwenye mshahara na adabu?" Tangu siku hiyo nikiwasha pikipiki naisikia inawaka, nikivuta mafuta naiona inakwenda, lakini mimi mwenyewe nabaki nyumbani.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Niliilimia ile pikipiki misimu mitatu ya maharage, kwenye shamba alilonipa bibi yangu kule Mwazye. Ilipofika kwa lori kutoka Tunduma, ikiwa ndani ya sanduku la mbao, waendesha bodaboda wote wa Kizwite waliacha abiria wakaja kuangalia. "Inabeba magunia mangapi?" aliuliza mmoja. "Inanibeba mimi," nikamjibu. Wakaniita Rubani hadi leo. Siku hiyohiyo nilinunua kofia mbili, moja yangu na moja ya Vitus. Kisha nikaiingiza barabara ya Matai. Gia ya tatu nyumba zikaisha. Gia ya nne miti ikaisha. Gia ya tano ikabaki nyasi na anga, vilima vyetu vile vilivyokaa kama mikate iliyoumuka, na nilipoingiza gia ya sita nikagundua kuna mtu anacheka kwa sauti ndani ya kofia yangu, na mtu huyo ni mimi.

Kofia ya Vitus ilikuwa inaning'inia pembeni ya kiti tangu siku ile. Wiki nane. Hakuwahi kuivaa. Kioo chake kilikuwa na nailoni ya dukani.

Niliifungua, nikamnyooshea.

"Panda."

"Nini?"

"Hujawahi kuipanda. Umekiandikia barua kitu ambacho hujawahi kukikalia. Panda, twende hadi mlima wa kwanza barabara ya Matai, turudi. Tukirudi utanijibu wewe mwenyewe, siyo mama yako. Ukisema niuze, nitauza leo hii."

"Leo?"

"Kabla ya saa nane. Naapa mbele ya kanisa."

Alitazama ofisi. Mlango ulikuwa umefungwa. Alitazama viatu vyake vya Jumapili, akalegeza tai, akavaa kofia kama mtu anayeingiza kichwa kwenye chungu. Kiti cha nyuma cha pikipiki ile ni kidogo na kiko juu. Alipokaa, magoti yake yalinifikia mbavuni.

"Nishike wapi?"

"Nishike mimi. Tumeshatangazwa mara mbili."

Nilitoka polepole hadi mwisho wa nyumba za mji. Nilisikia mikono yake imenikaba kiunoni, na nilijua bila kugeuka kwamba amefumba macho. Nilikuwa nimeota safari hii mara nyingi. Katika ndoto, mikono yake ikinizunguka, moyo wangu ulikuwa unafanya mambo makubwa. Sasa mikono ilikuwa pale, mizito na halisi, na nilikuwa nafikiria kwamba upepo wa matairi unahitaji kuongezwa.

Gia ya tatu. Ya nne. Ng'ombe wa mzee Ngeleja walikuwa wanavuka mbele, nikapunguza mwendo, nikafungua kioo na kumpa shikamoo mzee huyo kwa sauti kubwa kabisa, ili hoja ya pili ya barua ipate shahidi wa kuipinga. "Marahaba, Rubani!" alijibu, akainua fimbo. Kisha barabara ikawa tupu, lami inashuka, inapinda, inapanda, na nikavuta mafuta.

Kwenye gia ya tano nilisikia kitu mgongoni. Mwanzoni nilidhani anatapika. Halafu kikawa kikubwa, kikapita kwenye mbavu zangu na mitetemo yake yote. Vitus alikuwa anacheka. Mwalimu Vitus, mwenye rula, alikuwa anacheka kama mtoto anayebebwa juu. "Ongeza!" alipiga kelele. "Kalista, ongeza!"

Nikaongeza. Na hapo, ndani yangu, bomba likakoroma. Kidogo tu. Tone moja.

Tulisimama juu ya mlima. Aliruka chini kabla sijaweka mguu sawa, akavua kofia, nywele zimesimama, machozi ya upepo yanamtoka.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe hivi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia wiki nane."

"Hukuniambia *hivi*. Pale kwenye kona, uliona? Dunia yote imelala upande!" Alizunguka pikipiki, akaligusa tangi kwa ncha za vidole. "Nilikuwa simkumbuki hata baba. Unaelewa? Tangu afe, nikiona pikipiki namkumbuka yeye. Pale sikukumbuka chochote." Kisha akanitazama, yale macho niliyoyafahamu tangu nina miaka kumi na saba, na akasema polepole, "Usiuze. Nimesema mimi. Usiuze, Kalista."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Jumamosi tunakuja tena?"

"Jumamosi," nilisema, na nilisikia sauti yangu inatetemeka kidogo, sikujua kama ni baridi.

Wakati wa kurudi nilimwacha aendelee kucheka mgongoni kwangu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, nilikuwa navuta klachi kwa kukisia, na sikujali. Nilianza hata kupanga maneno. Tutaingia naye hadi uani, mbele ya mlango wa ofisi, tutavua kofia pamoja. Mama Coleta atatoka, atapiga kelele, na Vitus atasema neno moja. Si lazima liwe neno zuri.

Kabla ya kona ya kanisa alinigonga begani.

"Nishushe hapa."

Nilidhani sijasikia vizuri, nikafungua kioo.

"Nishushe hapa, mpenzi. Mama asituone. Nitamalizia kwa miguu, ni hatua chache tu."

Nikasimama. Alishuka kwa uangalifu. Alijikung'uta suruali, akafuta viatu kwa leso, kimoja kisha kingine. Akakaza tai. Akalaza nywele kwa mate. Mwisho akapanga uso: alianza kwa kuondoa kicheko machoni, kisha mashavuni, hadi akabaki na ule uso wa dirishani. Nilitazama kazi yote hiyo hatua kwa hatua. Aliifanya vizuri sana, kama mtu aliyeizoea.

"Nitaongea naye," alisema. "Siyo leo. Tukishafunga ndoa, nitaongea naye taratibu. Kwa sasa tumwambie tu umekubali kuuza. Tuifiche kwa fundi."

"Tuifiche."

"Kwa muda." Alinirudishia kofia. Nailoni ilikuwa bado juu ya kioo. Dunia yote ile iliyolala upande, aliiona kupitia nailoni.

Nilivua glavu ya mkono wa kushoto ili nimpe mkono, sijui kwa nini, labda mazoea. Pete yake ya uchumba haikuwepo kidoleni. Pete ile haijawahi kutoka, hata kwa sabuni, lakini baridi ilikuwa imenikausha vidole hadi imechomoka yenyewe. Niliigeuza glavu, nikaikung'uta, pete ikadondokea kwenye kiganja chake.

Aliitazama. "Imetoka?"

"Imetoka yenyewe."

"Vaa basi."

"Hapana, Vitus."

"Kalista, ni hatua chache tu! Kwa ajili ya hatua hamsini?"

"Ndiyo," nilisema. "Hizo."

Niliwasha. Niliingia uani mwa kanisa peke yangu, kwa mwendo wa heshima, nikaegesha chini ya mkaratusi uleule. Mama Coleta alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mikono mapajani. Nilivua kofia kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alitazama nyuma yangu. "Vitus yuko wapi?"

"Anakuja kwa miguu."

Alinitazama mkono. Yeye ni mama, aliona mara moja. Alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasogea kwenye benchi akaacha nafasi ya mtu mmoja. Sikukaa. Lakini nilimshukuru, na naona hadi leo kwamba siku ile yeye peke yake ndiye aliyesema alichokuwa nacho moyoni, mbele ya kila mtu, na kuweka jina lake chini.

Ofisini, mtawa alikuwa amemletea Padre uji wa ulezi kabla ya safari. Padre alinitazama, akausogeza ule uji upande wangu wa meza.

"Nisome?" aliuliza.

"Usisome, Padre."

Alivuta lile daftari kubwa la matangazo, akatafuta majina yetu, akafungua kalamu. "Lazima niandike sababu. Niandike ni pikipiki?"

"Pikipiki haimo kwenye orodha, ulisema mwenyewe."

"Sasa niandike nini, binti yangu?"

Nilikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Nje, kupitia dirishani, Vitus alikuwa anaingia uani kwa miguu, tai imenyooka, hana vumbi hata chembe.

"Andika alishukia kwenye kona."

Padre hakuuliza kona gani. Aliandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza, na joto la kikombe lilikuwa linaanza kunifikia, kwanza kiganjani, kisha kwenye vidole, kimoja kimoja. Anayetoka kwenye baridi ya Ufipa anajua kinachofuata. Vilianza kuuma. Viliuma vibaya, kuanzia kwenye kucha, na kile kilichokuwa na pete kiliuma kuliko vyote, na mimi bingwa wa kukaza uso miaka sita nikasikia uso wangu umenishinda.

"Uji ni wa moto?" Padre aliuliza kwa upole.

"Ni wa moto, Padre," nilisema, na sikukiachia kikombe.